Wimbo Uliomwangusha Sindano

Watu waliomjua Vidole enzi zake za kupiga gitaa la solo hawakuamini walipomkuta amekuwa kinyozi. Waliketi kwenye kiti chake, wakajitazama kiooni, wakamtazama na yeye nyuma yao ameshika mashine, kisha wakauliza swali ambalo alikuwa amelichoka zamani: "Kulikoni, bwana? Gitaa umelitupa wapi?"

"Nimelipumzisha," huwajibu. "Inamisha kichwa."

Kichwa kikishainama, na mdomo nao hupungua kasi.

Sababu yenyewe ilikuwa mlango wa pili kutoka hapo, imeketi nyuma ya cherehani. Ni mkewe. Watu walimwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa maneno yake, ambayo yalichoma lakini yalishona. Jina hilo alilipata angali msichana, mwanafunzi wa ushonaji, mwaka ambao bendi ya akina Vidole ilitaka mashati mapya ya jukwaani, yale ya mikono mipana na marinda kifuani. Vidole alitumwa kuyafuata. Alipofika, shati la mwisho lilikuwa bado mezani.

"Ngoja nimalize pindo," alisema yule msichana bila kuinua macho.

Vidole akangoja. Wiki iliyofuata akaja kungojea pindo la suruali, na baada ya hapo akawa anayafumua mapindo yake mwenyewe kwa wembe, nyumbani, ili apate la kumrudisha. Sindano alimgundua mapema, maana uzi uliochakaa na uzi uliokatwa havifanani hata kidogo. Lakini alinyamaza akashona. Alikuwa na sababu zake.

Hapo ndipo ulipozaliwa wimbo, na jina lake likawa hilohilo, "Ngoja Nimalize Pindo". Ulianza taratibu, besi ikitembea kama mtu asiye na haraka, gitaa la pili likijivutavuta nyuma yake. Katikati vyombo vyote vilipungua, Vidole akapanda peke yake na solo, akapanda tena, mpaka waliokuwa wakicheza wakasimama kumsikiliza. Halafu ngoma zikaingia na ukumbi ukachemka. Mwaka ule hapakufungwa harusi mjini bila wimbo huo, na wao wenyewe walioana kwa huo huo.

Mwaka wa pili wa ndoa Sindano akapatwa na homa iliyompanda kichwani. Alilala hospitali hajijui hajitambui, na alipotoka, watu wakasema amepona. Mwenye kovu usidhani kapoa. Siku ya kwanza aliporudi ukumbini alikaa mbele, amevaa gauni aliloshona mwenyewe, anatabasamu. Solo ilipopanda, alisimama. Alitazama pembeni kama mtu aliyeitwa jina, akaanza kutafuna na hana kitu mdomoni, kisha akaanguka chini, mwili mzima ukitetemeka.

Maneno hayakukosekana. Wapo waliosema ni joto la ukumbi. Mke wa mpiga tarumbeta alisema ni wivu, kwamba Sindano hapendi wasichana wanavyomkodolea mumewe macho. Ilipotokea mara ya pili, kwa wimbo uleule na pale pale penye solo, hata mke wa mpiga tarumbeta akakosa la kusema. Daktari aliyemwona akasema ni kifafa, akampa vidonge. Kuhusu wimbo alicheka kidogo, akasema hizo ni bahati mbaya tu zimekutana.

Vidole hakucheka. Aliwaomba wenzake wauweke kando wimbo ule. Wakakubali, lakini watazamaji hawakukubali. Kila wakipanda jukwaani watu walipiga meza wakiudai. Utamwambiaje mtu aliyelipa kiingilio kwamba wimbo anaoutaka unamwangusha mke wa mwenzio? Mwisho Vidole aliaga, akafunga gitaa kwenye mfuko wake, akaliweka juu ya kabati. Akajifunza kunyoa kwa binamu yake. Bendi ikadumu muda kidogo, ikatawanyika, wengine wakafariki. Wimbo ndio uliokataa kufa. Uliendelea kupigwa redioni, madukani, kwenye mabasi.

Kwa hiyo nyumbani kwao redio iliishi kama nyoka wa kufugwa: ilikuwepo, ilitazamwa, hakuna aliyeipa mgongo. Binti yao alijua kuizima kabla ya kujua kusoma. Besi ikianza tu kutembea, mtoto alikwishafika kwenye kitufe. Njiani na mkewe, Vidole alitembea upande wenye maduka, akiongea kwa sauti kubwa mambo yasiyo na kichwa wala miguu, na wapita njia walidhani mzee wa watu ni mropokaji.

Miaka ikaenda hivyo. Vidonge vilisaidia, kisha vikachoka. Sindano akaanza kuanguka hata pasipo wimbo: akipiga pasi, akitoka kuoga, akivuka barabara. Mkononi alikuwa na kovu lenye umbo la ncha ya pasi. Ikafika mahali haendi hata dukani bila mtu, na jambo hilo lilimuuma kuliko kovu.

Ni binti yao, sasa mwalimu wa hesabu, mtu mzima mwenye nyumba yake, aliyesikia kuhusu hospitali yenye wodi ya kuchunguza kifafa. Aliwapeleka wote wawili. Daktari wa ubongo alikuwa mwanamke kijana, mfupi, mwenye tabia ya kunyamaza kwanza kabla ya kujibu. Aliwaamkia, akavuta kiti akakaa karibu yao badala ya kukaa nyuma ya meza.

"Mama, tunajua nyumba inaungua," alisema. "Hatujui moto unaanzia chumba gani. Nataka ulale hapa siku chache, tukubandike nyaya kichwani, tupunguze dawa, tungoje uanguke mbele yetu. Nyaya zitatuonyesha umeme wa ubongo umeanzia wapi na umepita wapi."

"Yaani nimekuja hospitali ili niugue," alisema Sindano.

"Kwa mara moja tu, mama."

Nyaya zilihitaji ngozi safi, na nywele za Sindano zilikuwa nyingi, zimesukwa, mvi kwa nyeusi. Muuguzi alisema zifumuliwe tu zioshwe. Sindano akasema kama ni kufumua, basi zikatwe kabisa, na akamtaka kinyozi wake. Wakarudi kwanza mtaani, Vidole akamketisha kwenye kile kiti alichokalisha wanaume wa mtaa mzima, akamfunga kitambaa shingoni. Hakuwahi kumnyoa. Mashine ilipopita nyuma ya sikio la kulia, mkono wake ukasita.

"Usinichoree ramani," alisema Sindano. "Nyoa."

Wodini wakambandika nyaya kwa gundi, kichwa kizima, zikafungwa pamoja kisogoni kama mkia. Kamera ikamtazama kutoka ukutani. Fundi wa mashine, kijana mpole, alikaa chumba cha pili nyuma ya kioo akiangalia mistari ikipita kwenye skrini. Dawa zikapunguzwa, wakangoja. Siku ikapita, ikaja nyingine. Sindano alikula vizuri, akalala vizuri, akamfundisha muuguzi kushona kifungo kisichong'oka. Ugonjwa uliomfuata kila mahali ukawa kama mdeni aliyekuona kwa mbali: hauonekani.

Siku iliyofuata daktari alikuja na kiti chake. "Kuna kitu chochote ambacho huwa kinakuangusha? Kukosa usingizi? Mwanga?"

Mtu na mkewe wakatazamana. Waliwahi kuchekwa kwa jibu hilo.

"Wimbo," alisema Vidole.

Daktari hakucheka. Alisema wapo watu wa namna hiyo, wachache sana, na kwamba angefurahi mno kuusikia. Binti yao akatoa simu. Alikuwa nao humo. Lakini Vidole alikwishasimama.

"Daktari, samahani. Mimi nimeacha muziki ili mke wangu asianguke. Leo nikae hapa nimwangalie akiangushwa kwa makusudi? Hapana."

"Anayeanguka ni nani?" aliuliza Sindano kutoka kitandani.

"Sindano..."

"Nauliza tu. Anayeanguka ni mimi au ni wewe?" Akamgeukia daktari. "Nipe mpaka mchana niongee na mume wangu. Na ya kwenye simu siitaki. Kama ni kuangushwa, niangushwe na mwenyewe."

Daktari na binti walitoka, wakabaki wawili. Dirisha lilitazama ua wa hospitali, na shuka zilizofuliwa zilikuwa zinakauka kwenye kamba. Sindano alizitazama kwa muda.

"Kuna kitu sijawahi kukuambia," alisema. "Kabla sijaanguka kuna muda kidogo, kama wa kupiga chafya. Nasikia harufu ya wanga na pasi ya moto. Niko chumba kile cha fundi aliyenifundisha kushona, jua limeingia mpaka mezani, nina shati mkononi, na mlango unafunguliwa. Najua anayeingia ni nani kabla sijamwona. Moyo unajaa mpaka nataka kulia. Halafu basi. Naamka nimejiuma ulimi."

Vidole alikaa kitandani. "Ni kitu kizuri?"

"Sijapata kizuri kama hicho. Ndiyo maana nikanyamaza. Mtu anaanzaje kusema ugonjwa wake una utamu? Wewe umeuza jukwaa lako kwa ajili yangu, mimi nije nikuambie nimeukosa wimbo?"

Vidole alikuwa amedhani miaka yote kwamba wimbo ulimpiga mkewe kama jiwe. Alijiona kama mlinzi aliyesimama mlangoni maisha yake yote akimzuia mwovu, kumbe aliyemzuia ni mgeni aliyetarajiwa. Mwishowe akasema, "Sijui kama vidole vinakumbuka."

"Vikisahau nitakwambia."

Binti alilileta gitaa kutoka juu ya kabati, likiwa na nyuzi mpya alizozinunua njiani. Vidole alilifuta vumbi, akalipatanisha, sikio limelala juu ya ubao. Muuguzi akapandisha vizuizi vya kitanda, akaweka mito. Daktari alisimama kando. "Nikiinua mkono, acha," alisema.

Akaanza. Vidole vilivyoshika mashine miaka mingi vilikuwa vizito, na mahali fulani aliteleza.

"Umekosea," alisema Sindano akicheka.

"Nyamaza niendelee."

Aliendelea. Kidogo kidogo mikono ikaanza kwenda yenyewe. Chumba kile chenye harufu ya dawa kikaondoka, akamwona mpiga besi amefumba macho kama desturi yake, mpiga tarumbeta akijipangusa jasho kwa mkono wa shati, marinda yote yamelowa. Wengi wao walikuwa wamekwishazikwa. Akapanda na solo.

Sindano aliacha kucheka. Vinyweleo vikamsimama mikononi. Aligeuza macho akautazama mlango wa wodi, ambao ulikuwa umefungwa, na kwa sauti nyembamba, ya msichana, akasema, "Anakuja."

Taya likaanza kutafuna. Mkono wa kulia ukashika upindo wa shuka, kidole gumba na cha pili vikaukunja, vikausukuma, vikaukunja tena, kazi ya pindo ileile, isiyokuwa na sindano wala uzi. Mkono wa kushoto ukakakamaa, ukajipinda. Muuguzi akamwonyesha kalamu. "Mama, hii nini?"

"Kalamu," alijibu Sindano huku akitafuna, kama mtu anayejibu mteja bila kuacha kazi.

"Bado anaongea," alisema daktari kwa fundi nyuma ya kioo. Akainua mkono, lakini Vidole alikuwa amekwishaacha, hajui lini. Kichwa cha Sindano kikageuka kushoto, mwili mzima ukakazika, ukaanza kutetemeka. Wakamlaza ubavu. Vidole alilishika gitaa kifuani akangoja, kama alivyozoea kungoja, na safari hii alimwomba Mungu, kimoyomoyo, kwamba aliyeingia mlangoni awe amewahi kufika.

Kesho yake, Sindano ameketi na ulimi umemvimba, daktari aliwaonyesha mistari kwenye skrini. Kila mstari ulikuwa na sehemu yake ya kichwa.

"Hapa kila mmoja una safari yake," alisema. "Ubongo mzima uko hivi: sehemu zinapeana habari, kila moja na kazi yake. Sasa wimbo unaingia. Hii, juu ya sikio la kulia, inapokea sauti. Hakuna ubaya. Lakini jirani yake, ndani, kuna sehemu inayotunza kumbukumbu, na mbele yake kuna hii ndogo kama lozi, inayozitia kumbukumbu hofu au furaha. Ile homa iliacha kovu hapo katikati. Zikianza kuongea zinashindwa kuachana. Moja inapiga, ya pili inarudisha vilevile, ya kwanza inazidisha. Tazameni, mitatu sasa inakwenda pamoja. Hapa ndipo mama aliposema 'anakuja'."

Sindano alisogeza uso karibu na skrini. Alikitazama kile kipande cha mistari kama mtu anayetazama picha ya nyumba aliyokulia.

"Hapa upande wa kushoto bado umetulia," daktari aliendelea. "Huko ndiko yanakotoka maneno, ndiyo maana alimjibu nesi. Halafu hapa, imevuka. Sasa ubongo wote unapiga kitu kimoja."

"Kwenye bendi," alisema Vidole, "wote mkipiga noti moja, watu wanatoka nje."

Daktari akatabasamu. "Hata mama ametoka nje, mzee. Hapo hayupo tena."

Kisha akawaambia habari yenyewe. Kwa kuwa moto ulianzia mahali pamoja, upande wa kulia, mbali na maneno, kile kipande kingeweza kutolewa. Si kila mtu hupona, lakini wengi hupona.

"Na yule anayeingia mlangoni?" aliuliza Sindano.

Daktari alinyamaza kuliko kawaida yake. "Kumbukumbu haikai mahali pamoja, mama. Nadhani utaendelea kukumbuka. Lakini ule utamu unaokujaa, huo unatoka hapahapa tunapotaka kutoa. Siwezi kukuahidi."

Walirudi nyumbani kufikiri. Kwa ajabu ya mambo, aliyesita ni Vidole. Alizunguka maneno siku nzima, akasema vidonge vipya vipo, akasema kichwa si pindo kwamba likiharibika litafumuliwa.

"Wewe unakionea huruma chumba cha fundi," Sindano alimwambia wakipanga vitambaa. "Mimi nataka kwenda sokoni peke yangu. Yule anayeingia mlangoni ni kijana tu, hata simjui vizuri. Niliyekaa naye maisha yangu yote ni wewe."

Vidole akachukua kitambaa kingine, akakikunja.

Sindano akapasuliwa. Alikaa na kichwa kinachouma na bandeji kwa muda mrefu, na hasira za hapa na pale ambazo daktari alisema ni za kawaida na binti akasema zilikuwepo tangu zamani. Vidonge aliendelea navyo. Lakini miezi ikaja ikapita hajaanguka, nywele zikaota fupi na nyeupe, zikalifunika kovu jipya nyuma ya sikio. Daktari aliposema sasa wanaweza kuujaribu wimbo, waliujaribu nyumbani, mchana, binti yao ameketi kando ya mama yake na mto mapajani.

Vidole alipiga akimwangalia mkewe, si mikono yake. Besi hapakuwa na wa kuipiga, akaigongagonga kwa gumba. Akapanda na solo. Sindano aliinamisha kichwa kidogo. Mguu wake ukawa unapiga sakafu taratibu. Akapanda tena, akavuka pale ambapo hakuwahi kumvusha tangu ile homa, akaufikisha wimbo mwisho wake.

"Wimbo mzuri," alisema Sindano. "Ila mlikuwa mnaharakisha huko mwishoni."

"Mpiga ngoma alikuwa mlevi." Kisha, kwa sauti ya chini, "Amekuja? Umeuona mlango?"

Sindano alifikiri kwa uaminifu. "Nakumbuka. Chumba, meza, na kwamba wewe ulikuja na suruali iliyokatwa kwa wembe. Lakini nakumbuka kama ninavyokumbuka mkasi nimeuacha wapi." Akamtazama. "Si kitu kibaya. Ni kimya tu."

Vidole alisema anakwenda kuangalia kama alifunga kibanda chake cha kunyolea. Alikuwa amefunga. Alikaa ndani humo kwenye kiti cha wateja, peke yake mbele ya kioo, na alipotoka macho yake yalikuwa mekundu. Chumba kile cha fundi sasa kilikuwa kimebaki kwake tu. Alikuwa amekiingia mara nyingi zamani, kijana mwenye shati la marinda, na hapakuwa tena na mwenzake wa kukiona kutoka upande wa ndani.

Baada ya hapo alipiga gitaa mara kwa mara, jioni, barazani, nyimbo za wengine kuliko zake. Sindano alisikiliza akishona, akimkosoa.

Asubuhi moja Vidole alikuwa amemnyoa mteja nusu kichwa alipomwona mkewe anapita mbele ya kibanda na mkoba begani, amevaa viatu vya safari.

"Nakwenda kwa mdogo wangu," alisema Sindano kutoka mlangoni. Mdogo wake aliishi mji mwingine, safari ya basi ya karibu siku nzima, na hakuwahi kwenda huko bila mtu wa kumshika mkono tangu angali kijana.

"Unarudi lini?"

"Nikimchoka."

"Nikusindikize stendi?"

"Una mteja," alisema, akaondoka.

Vidole alitoka hadi kizingitini. Sindano alikuwa anatembea katikati ya njia, taratibu, akisimama kutazama vitambaa vilivyoning'inizwa dukani, akiuliza bei ya kitu asichokihitaji, akiendelea. Hakugeuka nyuma hata mara moja.

"Mama anakwenda wapi?" mteja aliuliza, nusu ya kichwa chake iking'aa.

"Anatembea," alisema Vidole, na hakuondoka pale mlangoni mpaka mkewe alipokata kona.